Ji-hoon wa Kadutu

   

Leo sina habari za bei wala za barabara. Nina ujumbe mmoja tu, na ujumbe huo umeninyima usingizi siku mbili.

Uliingia usiku kwenye simu ya studio, mvua ikipiga mabati. Unatoka kwa mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye mimba ya miezi minane. Hospitalini wamemwambia ni mtoto mwanamume. Anaandika hivi: "Mzee wetu wa redio, binti yangu mkubwa hanipi raha. Yeye na wenzake wanatazama filamu za Wakorea, zile za mfululizo wanazotiliwa kwenye flashi. Ameshaamua kwamba mdogo wake ataitwa Ji-hoon. Baba yake anasema hapana. Nyanya yake anauliza kama hilo ni jina au ni kikohozi. Mimi nimebaki katikati. Utusaidie mambo mawili: jina hilo maana yake nini, na linaandikwaje, ili makarani wa etasivili, wanaoandikisha watoto, wasije wakaliharibu."

Hapo chini alikuwa amejaribu kuliandika mwenyewe mara tatu. Mara ya kwanza Ji-hoon, kama alivyoliona kwenye filamu. Mara ya pili Djihoune, kama mtu aliyefundishwa kuandika na masista. Mara ya tatu Jihuni, kama mdomo wetu unavyopenda. Kisha alama tatu za kuuliza, kisha jina lake mwenyewe mwishoni. Hilo jina la mwishoni mliweke kando kidogo. Tutalirudia.

Mama, swali lako la kwanza nililiona jepesi. Nilidhani nitafungua kitabu, nisome mstari mmoja, tumalize, tupige muziki. Kumbe ukimwuliza Mkorea, "Ji-hoon maana yake nini?", naye atakurudishia swali: "Ji-hoon yupi?"

Si kwamba anakudharau. Sikilizeni. Sisi tunaosema Kiswahili tuna neno paa. Nikikuuliza sasa hivi paa maana yake nini, utanijibu nini? Kuna paa la nyumba. Kuna paa wa porini mwenye miguu myembamba. Kuna kupaa kama ndege. Na waliozoea kazi ya samaki watakuambia kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Sauti ni moja, mambo ni manne. Mpaka uniambie ni paa gani, sina jibu.

Majina ya Wakorea yamejengwa juu ya jambo hilohilo. Mkorea anatanguliza jina la ukoo: Kim, Lee, Park, Jung. Kule Korea Kusini mtu mmoja hivi kati ya watano ni Kim, kwa hiyo ukoo peke yake hautakusaidia kumtafuta mtu sokoni. Baada ya ukoo linafuata jina alilopewa, nalo mara nyingi lina silabi mbili. Na kwa desturi, nyuma ya kila silabi imesimama herufi moja ya Kichina. Herufi hizo wanaziita hanja. Si kama a au b yetu, ambayo ni sauti tupu. Kila moja imebeba maana yake kamili, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani.

Sasa ichukue silabi ji. Kuna ji ya hekima. Kuna ji ya nia, ile nia inayomwamsha mtu alfajiri wakati wenzake wamejifunika. Kuna ji ya ardhi. Kuna ji ya mmea wa heri. Ichukue na hun. Kuna hun ya kufundisha. Kuna hun ya sifa anayopata mtu aliyeitumikia nchi yake. Kuna hun ya harufu nzuri. Wazazi wanakaa, mara nyingi na babu yuko pale, wanachagua. Kwa hiyo Ji-hoon mmoja ni hekima na mafunzo, na Ji-hoon mwingine ni nia na sifa. Masikioni ni mapacha, lakini katika maandishi ya familia zao hawajuani.

Nitoe mfano wa watu wanaojulikana. Kuna mwimbaji ambaye vijana wanamwita Rain. Jina lake la kuzaliwa ni Jung Ji-hoon, na alizaliwa mwaka 1982. Ji yake ni ya hekima, hun yake ni ya harufu nzuri. Kuna pia mshairi mkubwa wa Korea, Cho Chi-hun, aliyezaliwa mwaka 1920 akafa mwaka 1968. Hilo ni jina lake la kalamu. Hun yake ni ileile ya harufu nzuri, lakini ji yake si ya hekima. Ni ya mmea wa heri. Mwimbaji na mshairi wamepokea kila mmoja jina lake, na majina hayo yanakutana mdomoni tu.

Mmesikia nimesema Cho Chi-hun, kwa ch. Msidhani ulimi umeteleza. Chi-hun na Ji-hoon, kwa herufi za Wakorea wenyewe, yanaandikwa sawasawa bila tofauti ya nukta. Na hapo, mama, tumeshaingia katika swali lako la pili.

Zamani, Mkorea aliyetaka kuandika alilazimika kujifunza Kichina, maelfu ya herufi. Hiyo ilikuwa kazi ya mtoto wa tajiri, maana mtoto wa mkulima hakuwa na miaka ya kupoteza. Mwaka 1443 mfalme wao, Sejong, alitunga herufi mpya, na mwaka 1446 zikatangazwa. Zilikuwa 28, leo zinatumika 24. Alikuwa ameona kwamba mtu wa kawaida ana neno moyoni na hana njia ya kuliweka kwenye karatasi. Maandishi yaliyotangaza herufi hizo yanaitwa Hunminjeongeum, yaani sauti sahihi za kuwafundisha watu. Neno la kwanza mmelisikia? Hun. Ni hun ileile ya kufundisha, ambayo inaweza kukaa ndani ya jina la mtoto wako.

Kwa herufi za Sejong, Ji-hoon anaandikwa kwa namna moja tu. Tabu inaanza anapovuka mpaka na kuingia katika herufi za Kilatini. Mwaka 1939 Wamarekani wawili, McCune na Reischauer, walichapisha utaratibu wao, na kwa utaratibu huo jina ni Chihun. Mwaka 2000 serikali ya Korea Kusini ikatoa utaratibu wake, na kwa huo ni Jihun. Lakini watu katika pasipoti zao wameshika mazoea ya Kiingereza, lugha inayoandika oo pale inaposema u. Ndiyo sababu kwenye filamu mnaona Ji-hoon. Hizo o mbili ni u yetu ya uji, basi.

Hata majina ya ukoo yamepatwa na hayo. Rais wa kwanza wa Korea Kusini aliandikwa Syngman Rhee. Aliyeanzisha kampuni ya Samsung aliandikwa Lee Byung-chul. Amiri wao wa zamani aliyepigana na Wajapani baharini anaandikwa Yi Sun-sin. Rhee, Lee, Yi: kwa Kikorea ni herufi moja, jina moja la ukoo. Mtoto wa Bukavu akiwaona kwenye orodha, atawaweka katika mistari mitatu tofauti.

Na tusijifanye kwamba habari hizi ni za mbali. Jina la namna hii tumelisikia hapa miaka kumi mfululizo. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2016, habari za Umoja wa Mataifa hazikupita bila Ban Ki-moon, Katibu Mkuu. Waliokuwa na Kiingereza kidogo walituambia moon ni mwezi. Hapana. Ki ni msingi, na mun ni maandishi, elimu ya vitabu. Waliomwita hivyo waliweka msingi wa elimu juu ya mtoto. Kwa utaratibu wa mwaka 2000 angeandikwa Ban Gi-mun, na mwezi ungezimika hapohapo.

Mwezi wa tano mwaka 2013 huyo Ban alifika Goma. Katika safari ile alikuwa na Jim Yong Kim, wakati huo rais wa Benki ya Dunia, mzaliwa wa Seoul aliyekulia Marekani. Sasa angalieni. Katika Ban Ki-moon, ukoo ni Ban, umetangulia kama kwao. Katika Jim Yong Kim, ukoo ni Kim, umekuja nyuma, kwa sababu Marekani imeligeuza jina lake. Wakorea wawili wamesimama katika mji mmoja, na ukitaka kujua nani ni mtoto wa nani, kwa mmoja unaanzia mbele na kwa mwenzake unaanzia nyuma.

Sisi tunalijua hilo tangu shuleni. Darasani mwalimu anaita nomu, postinomu, prenomu, yaani jina, jina linalolifuata, kisha jina la ubatizo. Daktari wetu wa hospitali ya Panzi, kwa mpangilio huo, ni Mukwege Mukengere Denis. Akifika Ulaya anakuwa Denis Mukwege. Na mnakumbuka kwamba kabla ya Nobel ya mwaka 2018, mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Amani ya Seoul. Wakorea nao walilazimika kuliandika jina la kwetu kwa herufi za Sejong. Mukwege likaingia bila shida. Denis wakaliandika bila s ya mwisho, kwa sababu Kifaransa hakiitamki s hiyo. Walifuata mdomo, hawakufuata karatasi. Hilo nalo lishikeni, litatufaa.

Watu wa Butembo, Wanande wetu, nao wana la kuongeza hapa. Koo nyingi za Korea zina desturi ya kuwapa ndugu na binamu wa kizazi kimoja silabi moja ya pamoja, ili ukilisikia jina ujue mwenyewe ni wa tabaka gani la familia. Mnande hatashangaa. Kwake Kambale ni mwana wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Jina linakuambia mtu alisimama wapi kwenye foleni ya watoto.

Yuko Mkorea mwingine ambaye kivuli chake kilifika karibu na sisi zaidi. Mwaka 1974 Mobutu, rais wetu wa wakati ule, alikwenda Pyongyang kumwona Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini. Miaka ileile wakufunzi wa kijeshi wa Korea Kaskazini wakaja Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, kufundisha divisheni iliyopewa jina la Kamanyola, Kamanyola yetu hii, ya uwanda wa Ruzizi, unapoteremka kwenda Uvira. Huyo Kim alizaliwa mwaka 1912 akiitwa Kim Song-ju. Song ni kutimia, kuwa kitu kamili. Ju ni nguzo. Alipokuwa akipigana na Wajapani akaitwa Il-sung. Inasimuliwa kwamba mwanzoni jina hilo liliandikwa kwa herufi za nyota moja, na baadaye kwa herufi za kuwa jua. Sauti haikutikisika. Waliomwita asubuhi nyota, jioni walimwita jua, na masikio hayakujua kama kuna kitu kimebadilika.

Na kuna jambo lingine dogo. Song ya Song-ju na sung ya Il-sung, lile la jua, ni herufi moja. Alihama na kipande cha jina lake la utotoni. Lakini kwa herufi za Kilatini mmoja ameandikwa kwa o na mwingine kwa u, basi ndugu wamepotezana.

Na mgeni wake? Alizaliwa Joseph-Désiré Mobutu. Mwezi wa kwanza mwaka 1972 akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na akataka nchi nzima imfuate. Wazee mliopo mnakumbuka. Jean alilala Jean akaamka hana Jean. Mapadri walitishiwa kifungo wakimbatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kwenda kuishi Roma kwa muda. Postinomu mnayoijaza mpaka leo kwenye karatasi za shule ilizaliwa wakati ule, ikakaa mahali prenomu ilipofukuzwa.

Wakorea walikuwa wamepita njia hiyo kabla yetu, wakitokea upande mwingine. Mwaka 1940 Wajapani waliowatawala waliwaagiza waandikishe majina ya ukoo ya Kijapani. Asiyeandikisha alipata taabu shuleni, kazini, kwenye foleni ya chakula. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, watu wa kusini wakarudishiwa kwa sheria majina ya babu zao. Mjapani alimvua mtu jina la babu akamvika la kigeni. Mobutu alimvua mtu jina la kigeni akamwambia arudi kwa babu. Ni kinyume kabisa. Lakini mkono ulikuwa mmoja, mkono wa serikali ndani ya kinywa cha mama.

Mji wenyewe tunaoishi ni shahidi. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa heshima ya mkubwa wao mmoja, Costermans. Katika miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Na hilo Bukavu, wengi wanaeleza kwamba limetoka katika Kimashi, lugha ya wenyeji wa hapa: bunkafu, mahali pa ng'ombe, maana ng'ombe ni enkafu. Njiani n imepotea na f imekuwa v. Leo mgeni wa kutoka pwani akisikia Bukavu anafikiri ukavu. Anashuka kwenye boti, anaona ziwa limelala chini ya mji, anaona mvua ya miezi tisa, anajiuliza ni nani aliyekuwa na mzaha wa namna hiyo. Hakuna aliyefanya mzaha. Ng'ombe wameanguka kwenye tahajia, basi mji umekauka.

Sasa tuje kwenye h ya Ji-hoon.

Mama, kwa Kiswahili jina la mtoto wako haligombani na karani. J ya jambo, i, h ya habari, u, n. Jihun. Kwa bahati, utaratibu wa Seoul wa mwaka 2000 na Kiswahili chako cha Kadutu vinakubaliana herufi kwa herufi. Kifaransa ndicho kinachotaka d mbele na ou katikati. Lakini karani wetu amesomea Kifaransa, na katika Kifaransa h haina sauti. Kwake h ni kama kitambaa cha mezani: kikiwapo vizuri, kisipokuwapo watu wanakula. Utamtamkia Jihun, atasikia Jiun, ataandika Jiun. Na huko Korea, ukiangusha h hiyo unamkaribia Ji-eun, ambalo ni jina wanalopewa wasichana.

Mnacheka. Lakini nani hapa Bushi, nchi ya Kimashi, hajui h inayoanguka?

Tuna majina yenye rh. Murhula. Murhabazi. Cirhuza. Hiyo rh ya Kimashi si pambo. Ni sauti kamili, yenye mahali pake katika lugha. Pale Kiswahili kinaposema mti, Kimashi kinasema omurhi. Mtima wa Kiswahili cha zamani, yaani moyo, ni omurhima. Mnyarwanda anasema Mutabazi, mtu anayekuja kuokoa wenzake. Sisi tunasema Murhabazi, na ni mtu yuleyule. Murhula ni amani, utulivu. Amani wa Kiswahili na Murhula wa Kimashi ni jina moja katika mavazi mawili.

Lakini Kifaransa kina rh yake, ile ya rhume, mafua, na hapo h ni bubu. Basi karani anaona Murhula, anasoma Murula. Mwaka unaofuata anayenakili anaandika alivyosikia: Murula. Wa tatu, kwa ulimi wake, anaandika Mulula. Mtafuteni huyo Mulula katika Kimashi, muulize maana yake. Amani imetoka mlangoni kimyakimya, imebaki kelele ya silabi tatu. Na ch yetu ndiyo balaa zaidi. Kimashi kinaandika c, Kiswahili ch, Kifaransa tsh. Rais wa Jamhuri ni Tshisekedi kwa sababu jina la Kasai limevalishwa herufi za Kifaransa. Kwa hiyo Cirhuza mmoja anaweza kuwa Chirhuza kwenye kadi ya kura, Tshiruza kwenye diploma, na Ciruza benki. Wakorea wana Rhee, Lee na Yi. Sisi tuna wale watatu ndani ya mfuko wa suruali moja.

Mimi mwenyewe jina langu lina rh. Nilipomaliza sekondari, diploma yangu ilitoka bila h. Sikujali. Nilikuwa kijana, nilitazama asilimia, sikutazama herufi. Miaka ikapita, nikapata kazi, wakaweka diploma na kitambulisho mezani pamoja, wakaniuliza: hawa watu wawili ni nani? Nilisimama mbele ya hakimu na mashahidi wawili, mmoja akiwa mama yangu mdogo aliyenibeba mgongoni, wakaapa kwamba mimi ni mimi. Nililipa karatasi, nililipa muhuri, nililipa usafiri wa mashahidi. Yote kwa ajili ya h moja. Siku hiyo nilielewa kwamba herufi ndogo kabisa katika jina ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kubwa zote zilikuwa pale, hazikuniokoa.

Nimewaambia Wakorea wana hanja, herufi inayoshika maana wakati sauti peke yake haiwezi. Mimi nasema rh ndiyo hanja yetu. Tukiitoa, jina litaendelea kuita, mtu ataendelea kuitika, ila njia ya kurudi kwenye maana itakuwa imeota majani.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha wala ya uchokozi. Wakorea nao wana ukali wao: tangu mwaka 1991 mtoto hapewi hanja yoyote tu, kuna orodha rasmi, na leo ina herufi zaidi ya 8,000. Kwetu hakuna orodha, na katika nyumba zetu akina Christian, Espoir na Jean-Claude wamejaa, wala hakuna aliyewauliza urithi wao. Kwa hiyo, mama, kama ni Jihun, mpe kama prenomu, na nomu yake na postinomu zitoke nyumbani. Na uende kumwandikisha mapema, usingoje zile siku 90 ziishe.

Sasa jibu langu. Ulitaka kujua Ji-hoon maana yake nini. Nimekueleza kwamba jina hilo likitoka Korea kwa njia ya filamu linakuja bila hanja zake. Limefika Kadutu likiwa chungu kitupu. Si kosa, chungu kitupu kinapikiwa. Lakini mtoto atakua, na siku moja atakuuliza, na huwezi kumjibu kwamba ulikuwa mchezo wa dada yake na flashi. Lazima nyumba ichague. Na kwa desturi ya Wakorea wenyewe, anayechagua si kijana aliyeona filamu. Neno ni la mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo mpelekee jambo hili yule nyanya aliyesema hilo ni kikohozi. Mwambie: mama, hapa kuna hekima, kuna nia, kuna ardhi, kuna mmea wa heri, na huku kuna kufundisha, kuna sifa, kuna harufu nzuri. Mchagulie mjukuu wako. Mpe siku mbili. Nakuahidi akishachagua hataliita tena kikohozi, na baba wa mtoto hatapata wa kumwunga mkono.

Kisha nyanya huyohuyo amtafutie jina la pili, la Kimashi, lenye rh, na aliseme mbele ya binti yako mkubwa, taratibu, mara tatu, mpaka binti alishike. Maana huyo dada ndiye atakayempeleka mdogo wake shuleni na kumsomea karani herufi.

Na sasa lile jina la mwishoni tuliloliweka kando. Mama, ulijaribu jina la Mkorea mara tatu, ukahangaika na o zake, na kistari chake, na u yake, usije ukamkosea mtu usiyemjua. Kisha ukaandika jina lako mwenyewe mara moja, upesi. Ni moja la majina yetu ya rh. Na h haimo.

Sikulaumu, nimekusimulia ya diploma yangu. Labda hata kadi yako imeandikwa hivyo, na aliyeiandika hakukuuliza. Lakini mwezi ujao utasimama mbele ya karani na mtoto mgongoni. Usimtamkie tu, maana ataandika anachosikia. Umwandikie kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, umwekee mezani, na usiondoke mpaka amekusomea. Mtoto huyo atakuwa na h mbili, moja ya Seoul na moja ya Bushi. Zihesabu kabla hajapiga muhuri.

Akizaliwa, tutumie jina lake hapa studio. Nitalisoma kwa sauti, kama nyanya atakavyokuwa amelisema.